Meza ya Tatu, Msimu wa Kodi

Kila Januari mwenzetu mmoja mzee hurudi na kikombe chake kilichovunjika mkono, akakaa meza ya tatu katika ofisi yetu ya kujaza fomu za kodi, hapa Toledo, Marekani. Habari ikiwa njema, humgeuzia mteja kompyuta ajionee mwenyewe. Ikiwa mbaya, hufunika kalamu taratibu, akazunguka meza na kuketi upande wa mteja. Miaka kumi namsikia akihubiri lile lile: "Ukirudishiwa kodi nyingi usishangilie. Ni pesa yako waliyokukata kupita kiasi; umeikopesha serikali bila riba!"

Juzi alizunguka meza kwa ajili ya Twyla, mhudumu wa mkahawa, aliyekuwa ameshapanga miadi ya kutengeneza meno kwa pesa atakazorudishiwa Machi.

"Sheria imebadilika, mwanangu. Mwaka mzima wamekukata kidogo, kwa hiyo wanakurudishia kidogo. Zako ulishazipata."

"Nimezipata lini?"

"Kila Ijumaa, ndani ya mshahara."

Twyla akafunika mdomo kwa kiganja, kama afanyavyo akicheka, ila hakuwa anacheka. "Basi nimezimaliza kwa mkate na petroli."

Nikasubiri mahubiri. Hayakuja. Alivuta ile fomu ya kumwomba mwajiri akukate kodi zaidi kila wiki, ili mwakani urudishiwe nyingi, akamwonyesha mstari wa kujaza.

"Si kila siku unasema huo ni ujinga?" nikamuuliza.

"Ni ujinga," alijibu, akifunua kalamu. "Na mimi huijaza fomu hii kila mwaka. Pesa ikipitia kwanza mkononi mwangu, haifiki Machi."