Kiwiko cha Nguzo

Kocha alipojifuta kipara kwa taulo, watu wa benchi walijua kuna mtu anakwenda kuumia. Nguzo aliinuka, akavua fulana ya juu, akaingia uwanjani.

Alilipwa kucheza mpira wa kikapu, lakini kazi yake haikuwa kufunga. Alisimama chini ya goli, na kila aliyemgusa mgongoni alikula kiwiko. Miaka kumi na mmoja aliishi kwa kiwiko hicho. Alivunja pua, akapasua nyusi, na msimu wa mwisho alimpiga nahodha wa wapinzani hadi taya likaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Watu waliteleza kwenye damu. Mashabiki wakapiga makofi: "Nguzo! Ongeza!" Mungu atusamehe, na sisi mikono yetu ilikuwamo.

Wachezaji wa nahodha huyo walimngoja Nguzo nje na vyuma, wakamponda goti. Timu ilileta maua, na kocha akatafuta kiwiko kingine.

Goti lilipounga, Nguzo akawa mbeba saruji ghalani. Wapakizi walimtania, "Nguzo, nyumba ilishaanguka, wewe umebaki kushikilia nini?" Akacheka nao. Lakini hakuna aliyempita nyuma bila kupiga mluzi kwanza.

Bintiye wa miaka tisa alisahau mluzi. Alikuwa ameshika namba ya kwanza darasani. Akamkuta baba yake jikoni akiosha vikombe, akamrukia mgongoni kwa furaha. Kiwiko kilitoka chenyewe. Mtoto alijibamiza kwenye sufuria, akaanguka, mdomo umejaa damu, meno mawili sakafuni.

"Mwanangu! Sikujua ni wewe!"

"Na angekuwa mwingine?" mkewe akauliza, mtoto kifuani. "Huyo mwingine hana mama?"

Tangu siku hiyo baba akiingia, mtoto hutoka. Kupoteza goti alikuweza, hili lilimshinda.

Jumapili, baada ya sala, Nguzo alikalia stuli akitazama ukuta. "Kupiga nilifundishwa," akamwambia mkewe. "Na kuacha nitajifunza. Niguse."

"Mume wangu, meno yangu bado nayapenda." Akachukua ufagio, akamgusa kwa mbali.

Paa! Mpini ukakatika vipande viwili.

"Tena," akasema Nguzo.

Wiki ya kwanza waliua fagio tatu. Mtoto akawa anachungulia mlangoni kila jioni. Wiki ya sita kiwiko kilipanda, kikatetemeka hewani, kikashuka taratibu.

Kisha jioni moja aliguswa na kitu chepesi kuliko ufagio, tena chenye joto. Nguzo akang'ang'ania stuli kwa mikono miwili. Jasho likamchuruzika, mishipa ya shingo ikatutumka. Hakugeuka.

"Baba," sauti ikatokea kwenye pengo la meno, "usitingishike basi, nakuja na mkono wa pili."