Walburga na Vifaranga Walioumwa na Kenge

Walburga alizaliwa milimani, upande wa Mbinga, kwenye kahawa na baridi, akaolewa Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa. Alikuwa ameshamlea binti yake Flavia mpaka akaolewa, na bado hakuna aliyewahi kumwona akipasua samaki tumbo. Usipa, wale dagaa wa ziwani, aliwala wakiwa wameshakaangwa wakakauka. Samaki wakubwa aliwapika pale tu mtu mwingine alipokwisha kuwatoa matumbo. Majirani walisema anaringa. Hakuwa anaringa. Alikuwa na kinyaa, kinyaa cha kuzaliwa nacho, kinachompanda kooni kabla hata hajajua ameona nini.

Alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na hakugusa kitambaa cha mteja kabla ya kunawa kwa sabuni. Mumewe Hyasinti alikuwa mvuvi. Katika nyumba hiyo hiyo aliishi mama mkwe wake, Bibi Kunigunda, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu na mikono yake ilitetemeka. Bibi alifuga bata. Bata hao walikunya majimaji mlangoni, wakachokora matope ya maji machafu ya vyombo, kisha wakaja kujipangusa midomo kwenye ngazi. Kila asubuhi Walburga alifagia huku amebana pua kwa ncha ya kanga.

Asubuhi moja, Hyasinti akiwa bado ziwani, bata mama alipiga kelele nyuma ya jiko. Walburga alitoka na ufagio. Akamkuta kenge katikati ya vifaranga, mnene, mgongo umejaa tope, miguu miwili ya njano ikining'inia mdomoni mwake. Walburga alimpiga kwa mpini, akampiga tena. Kenge alifungua mdomo akatapika. Kilichotoka ni vifaranga wawili waliofungwa ndani ya ute wa kijani, hawana uhai, manyoya yamelala kama nywele zilizolowa. Kisha akakimbilia mateteni, akaacha harufu ya nyama iliyolala.

Walburga alisimama palepale na ufagio wake, mate yamemjaa mdomoni.

"Mama Flavia," Bibi aliita kutoka mlangoni. "Kuna walio hai?"

"Watatu, Mama. Wengine siwaoni hata mmoja."

"Walete. Niambie wameumiaje."

"Mama, mimi siwezi kuwaangalia."

"Nisiyeweza ni mimi," alisema Bibi. "Wewe hutaki. Angalia."

Akawaokota, akawatia ndani ya beseni, akaangalia. Mmoja alikuwa amebanwa kifua, anapumua kwa mdomo. Wa pili mguu wake uligeukia nje. Wa tatu ngozi ya mgongo ilichanika ikaning'inia kama mfuko wa shati ulionasa kwenye msumari, na chini yake nyama nyekundu ilikuwa ikitetemeka. Walburga alieleza yote hayo kwa sauti, neno baada ya neno, na kila neno lilimchefua kuliko jeraha lenyewe.

Hyasinti alirudi, akachungulia ndani ya beseni, akacheka kidogo. "Watupe chooni, Mama Flavia. Hawa hawaishi."

Ukweli ni kwamba wazo hilo lilikuwa limeshampitia Walburga mwenyewe. Lakini alipolisikia kwenye kinywa cha mtu mwingine, alijiona ameinama juu ya lile tundu, anasikia vifaranga wakilia kule chini kwenye kinyesi.

"Chooni, wakiwa hai?"

"Si watakufa tu?"

"Nenda kalale, Hyasinti," alisema, wala hakumtazama.

Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Bibi alimshika kila kifaranga ndani ya kitambaa, mikono ikitetemeka, na Walburga akaosha. Mguu uliovunjika aliufunga kwa kipande cha njiti na utepe wa pamba. Akatandika matambara ndani ya boksi na kuweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, wapate joto. Yule wa kifua alikufa kabla ya jua kuzama. Walburga alimchimbia shimo refu nyuma ya jiko, mbwa wasije wakamfukua.

Wa mgongo ndiye aliyemtesa. Kila alipotazama ile nyama mbichi, chakula kilimshinda. Basi akachemsha sindano, akachukua uzi mweupe, akashona. Alishona vizuri, kama anavyoshona pindo. Ngozi ilikutana na ngozi, na shimo likatoweka. Siku hiyo ndipo alipokula tena.

Furaha hiyo haikudumu. Siku chache baadaye Bibi aliinamia boksi, akanusa.

"Kuna kitu kinaoza humu."

"Mama, nimebadilisha matambara leo hii."

"Si matambara."

Mgongo wa kifaranga ulikuwa umevimba, na mshono wake mzuri ulikuwa ukichuruzika maji ya manjano. Nyuzi zilikuwa zikisogea. Walburga alidhani ni macho yake, akasogeza uso karibu. Hazikuwa nyuzi.

Alifika nyuma ya jiko, akatapika mpaka hakuna kilichobaki tumboni. Alipoweza kusema alimpigia simu Eusebius, bwana mifugo wa kata, akamweleza.

"Fumua," Eusebius alisema. "Mdomo wa kenge ni mchafu, mama yangu. Jeraha lake halifungwi. Ukilifunga umefungia uozo ndani. Toa mabuu yote, osha kwa chumvi, liache wazi, umfunike kwa chandarua nzi wasitue."

Alikaa na simu mkononi. Alijua vizuri kwa nini alishona. Hakushona kwa ajili ya bata. Alishona ili asione.

Alirudi ndani na mkasi na kibanio cha nyusi. Bibi alikuwa ameshamkumbatia kifaranga ndani ya kitambaa. Uzi ulipokatika, usaha ulimwagika juu ya vidole vya Walburga, wa vuguvugu, na harufu ikajaa chumba. Alifunga macho, akayafungua.

"Wakoje?" aliuliza Bibi.

"Kama punje za wali. Mama, wanacheza."

"Toa."

Alitoa mmoja mmoja, akiwadondosha kwenye kopo la maji ya moto. Wengine walirudi ndani ya nyama, ikabidi awafuate. Machozi yalimtoka, ya kichefuchefu zaidi kuliko huruma.

"Miaka yote hii nilidhani unatuchukia sisi," Bibi alisema hatimaye. "Watu wa ziwani. Nikasema moyoni, mwanangu ameoa mtu anayetuona uchafu."

"Hapana, Mama."

"Nimesikia ulivyotapika kule nyuma. Kumbe ni tumbo lako tu."

"Ni tumbo langu," alisema Walburga. "Mshike vizuri, yuko mwingine huku kwenye bawa."

Kuanzia hapo jeraha lilioshwa asubuhi na jioni, likapakwa asali ambayo dada yake Benadetha alimpelekea kutoka Mbinga. Watu husema binadamu huzoea kila kitu. Walburga hakuzoea. Kila asubuhi aliamka na lile kopo akilini, na wali hakuutia kinywani mpaka mahindi yalipovunwa. Lakini kila asubuhi alifungua chandarua, akatazama, akamweleza Bibi alichokiona: leo ni pekundu, leo usaha hakuna, leo pana kigaga.

Vifaranga wale wawili walipona. Mmoja anachechemea. Mwingine ana kipara kirefu mgongoni, cheusi, kilichokunjamana, ambacho manyoya yamekataa kuota, na Walburga akikiona hugeuza uso. Hyasinti aliwahi kusema wakinenepa watafaa Krismasi. Mkewe akamjibu kwamba siku hiyo watakula wawili tu, Hyasinti na kenge.

Juzi alikuwa barazani akikata gauni jeupe la komunyo ya kwanza, la mtoto wa jirani. Yule mwenye kipara alipanda ngazi, akapita chini ya cherehani, akasimama juu ya ncha ya kitambaa iliyogusa mkeka, akakunya. Walburga alitazama lile doa la kijani likienea kwenye hariri. Alimshika bata kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, akamshusha uani taratibu, kisha akaenda kutafuta sabuni.