Sauti Iliyoinama

Juzi sokoni Kashebere kijana mmoja alikuwa anapiga armonika, kile kinanda cha mdomoni, na sauti moja ikainama chini polepole. Nikasimama na kidumu changu cha mawese, nikarudi kimawazo kwenye alasiri moja ya utoto wangu, katika malisho yetu ya Masisi.

Gaju, ng'ombe wetu, alikuwa amefiwa na ndama, akafunga maziwa. Papa, baba yangu, alichuchumaa ubavuni pake, kwenye harufu ya majani mabichi na moshi wa mavi makavu, akatoa armonika mfukoni. Akavuta sauti moja, akaiinamisha mpaka ikalia kama ndama. Maziwa yakaanza kugonga ndoo.

“Papa, ndama iko mule ndani?”

“Hapana, mama. Jaribu na weye. Usipulize. Vuta mupepo, kisha rudisha ulimi nyuma, polepole.”

Mwanzoni ulitoka mlio kama wa mlango mbovu. Nilirudia hadi midomo ikaniwaka, na mwishowe sauti ikainama. Gaju akageuza shingo, akalamba armonika pamoja na vidole vyangu.

“Tumemudanganya!” nikacheka.

Papa hakucheka. Alimpapasa Gaju shingoni, akaendelea kukamua. Mimi nilidhani ng'ombe ni mjinga tu.

Mtoto wangu nilimzika kabla hajaota jino, na udongo wa kaburi lake bado ni mbichi. Pale sokoni nilijua wazi kwamba ile ni armonika. Nilijua. Hata hivyo maziwa yalinitoka, yakalowesha kitenge chote kifuani.