Yule Niliyemwambia Asogee

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, ndiyo nianze. Nimechekwa na watu wengi kwa hiki kisa, mke wangu akiwa wa kwanza, na bado hakijageuka kuwa uongo. Mimi si mtu wa mambo ya majini. Mimi ni fundi wa kamera. Kazi yangu ni nyaya, skrubu na ngazi, na kitu kisipoonekana huwa nasema waya haujaingia vizuri. Lakini hili nililiona mchana, mvua ikinyunya, kikombe cha chai kiko mkononi, nina akili zangu timamu. Niamini ama uache, ila nisikilize.

Ilikuwa mwaka ule waya wa intaneti wa chini ya bahari ulipofika Mombasa, na Nairobi nzima tukaanza kujiona tuko Ulaya. Nikapigiwa simu kutoka Amerika na mwanamke anaitwa Ciru, nesi huko. Mama yake alikuwa anaishi peke yake Loresho, hapa Nairobi, kwenye nyumba kubwa ya mawe, tangu mzee wake afariki. Mama alikuwa ameanguka bafuni mara mbili, na hataki kijakazi, hataki kuhamia kwa ndugu, hataki kusikia. Ciru akaamua ni kamera za mtandao, ili amwone mama akiwa huko huko kazini.

“Fundi,” aliniambia, “huyo ndiye mzazi nimebaki naye. Akianguka tena na hakuna mtu, mimi nitafanya nini?”

Alikuwa amesomasoma mahali akataka nimnunulie zile kamera ndogo za bei ya kutupa. Nikakataa. Nilizunguka maduka ya Luthuli siku nzima nikimchagulia. Ya getini niliitafutia lenzi ya kuvuta picha karibu kutoka kwa laptop, na kasha la kuikinga mvua. Ya varandani na ya koridoo, zile zinazoona hata gizani. Ya sebuleni, pana, ionyeshe chumba chote. Na kila moja nikaiwekea spika ndogo, ili Ciru akiongea Amerika mama amsikie Loresho. Umeme wenyewe ulipita kwa waya ule ule wa mtandao, kwa hivyo hakukuwa na nyaya zinazoning’inia kila mahali. Kazi safi, hata leo naweza kuisimamia. Spika ndizo zilizoniponza.

Sasa, wacha nikueleze vile sisi hufanya. Kamera ukishaifunga, lazima mtu asimame mbele yake. Ukuta mtupu haukuambii kama picha iko sawa. Unataka sura ya mtu. Msaidizi wangu alikuwa na kazi nyingine mtaa wa Satellite, kwa hivyo nikamwomba Mutua, soja wa kulinda hapo, aende asimame getini. Mutua ni mtu wa Machakos, mpole, na baridi ya Julai ikianza havui kabuti lake refu mpaka iishe.

“Sawa, fundi,” akasema, akatoka. Mimi nikakaa jikoni na laptop na maikrofoni ya kuongelea kwa zile spika.

Picha ilikuwa na ukungu. Nikaona mtu wa kabuti na kofia amesimama getini. “Sogea kushoto,” nikamwambia. Akasogea. “Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo.” Akatulia. Haki ya Mungu, sijawahi kupata mtu wa kufuata maagizo namna ile. Wengine hupunga mkono, hucheka, hujikuna. Huyu alisimama kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikafurahi hata. Nikamwita aje varandani, akaja, akasimama chini ya kamera, uso uko kwenye kivuli cha kofia. “Sogea. Sogea tena. Haya, ingia ndani tuone ya koridoo.”

Unasikia nilichosema? Ingia ndani. Nilikisema kwa mdomo wangu huu, na hakuna aliyenilazimisha.

Akaingia. Mlango sikuusikia, lakini mvua ilikuwa inagonga mabati ya gereji, sikujali. “Vua kofia nione sura,” nikamwambia. Akavua. Alikuwa mzee mwembamba, kichwa chote mvi, anaangalia moja kwa moja kwenye kamera, anangoja nimwambie la pili. Mutua hana mvi hata moja.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Mutua akaingia na paketi ya maziwa.

“Fundi, pole, aki. Mama alinituma duka kabla sijafika getini, nikapitia geti ndogo ya nyuma. Sasa nisimame wapi?”

Nikafungua mlango wa koridoo. Hakuna mtu. Sakafu kavu, hata tone la maji hamna. Nikarudi kwa laptop: yuko, kofia ameishika kifuani, anangoja. Mutua akaangalia mara moja tu, akaweka maziwa mezani, akatoka nje.

Mama akaja polepole kutoka sebuleni, akainama kwenye skrini.

“Ai, si huyo ni Baba Ciru,” akasema, vile ungesema umemwona jirani sokoni. “Hiyo kofia tulimzika nayo. Mwambie aje akae, fundi, amesimama sana.”

Nikashika maikrofoni. “Mzee, rudi. Rudi nje. Tafadhali, mzee wangu, rudi getini.” Hakusogea hata kidogo. Yule aliyenitii kila neno la kuja, neno la kwenda hakulisikia. Simu yangu ikalia. Ilikuwa Ciru, huko kwao ni usiku, na alikuwa amekaa macho aone kamera zake zikiwaka. Alikuwa analia.

“Fundi, mbona umemwingiza baba?”

Wewe ungejibu nini?

Nilichomoa nyaya zote. Skrini ikawa nyeusi. Mama akaniuliza kwa upole kabisa, “Sasa umemfungia nje, ama umemfungia ndani?” Nikarudisha nyaya moja moja, na Ciru akasema ziachwe hivyo hivyo. Kama baba yuko, heri amwone mahali alipo.

Kuanzia hapo simu yangu haikupumzika. Ciru ananipigia: amefika mlango wa sebule. Ananipigia tena: amekaa kwa kiti chake. Mimi natoka kwangu mtaa wa Jamhuri mbio hadi Loresho, nafika, hakuna mtu ila mama na vikombe viwili vya chai. Na mama alikuwa na furaha, hiyo ndiyo iliyoniumiza. Anacheka, anasimulia mambo ya zamani, na huku anakonda. Alikuwa anampakulia mzee, halafu chakula chake mwenyewe anakisahau.

Tulimleta mchungaji wao pamoja na wamama wa kanisa. Wakaomba mpaka sauti zikakauka. Mimi nilikuwa jikoni na laptop yangu. Mzee alikuwa katikati yao, kofia juu ya goti, ameinamisha kichwa, anaomba pia. Utamfukuza vipi mtu anayesema amina? Niliifunga laptop, nikatoka nikakaa kwa gari. Nililia huko, sioni haya kusema.

Mama akaanza kushinda amelala. Ciru akaniomba niweke kamera nyingine chumbani. Nikakataa katakata. “Fundi, nisipomwona nitajuaje?” akaniambia, na kilio chake kikanishinda. Nikaenda. Spika sikuweka, maikrofoni niliiacha ndani ya gari, na nikaapa sitamwambia mtu yeyote afanye chochote. Nilisimama mwenyewe mbele ya lenzi, nikarudi kuangalia picha mwenyewe, mara hii, mara ile, kama mwendawazimu. Lakini kwenye picha kitanda kilikuwa kinakatwa upande, na mama alikuwa amesimama hapo mlangoni, na mdomo wa fundi una mazoea yake.

“Mama, hebu kaa hapo kitandani kidogo,” nikasema.

Kwenye skrini walikaa wawili.

Mama alifariki kabla ya wiki kuisha. Hakuanguka. Mutua ndiye aliyemkuta, amelala upande wa ukutani, mwisho kabisa wa kitanda, ameacha nafasi. Ciru alikuwa anatazama usiku huo wote, na hata yeye alidhani ni usingizi. Kamera zilifanya kazi vizuri kabisa.

Ciru alikuja, tukazika, akarudi Amerika. Nyumba imefungwa, Mutua amebaki getini, na kamera Ciru hataki nizitoe. Mpaka leo ananipigia. Baba yake hamtaji tena. Anasema mama yuko kwenye koridoo, amesimama tu, amempa mgongo. Amemwita kwa spika mpaka akachoka, na mama hageuki.

“Fundi, wanakusikia wewe peke yako,” ananiambia. “Mwambie ageuke. Neno moja tu. Nione uso wake.”

Nami namjibu nitaenda, madam, nitaenda kesho, halafu siendi. Roho inaniuma kwa sababu ya huyo dada, lakini nitafanyaje? Mama akigeuka atangoja nimwambie la pili, na mimi neno la kumrudisha mtu silijui. Nilishalitafuta nikalikosa.

Kwa hivyo wewe unayetaka kamera nyumbani kwako, nunua utakayo, funga unavyotaka. Lakini kabla hujasema sogea, toka nje, uone kwa macho yako ni nani amesimama hapo. Usione picha tu ukaanza kuita. Mimi siku hizi hata watoto wangu siwaiti wakiwa chumba kingine. Nainuka, naenda mpaka pale walipo, namshika mtu bega kwanza, ndipo namwambia njoo.