Nyundo Kwenye Tanuri la Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, Hermelinda Huipe, kitambaa kibichi usoni, anabamiza nyundo kwenye tanuri lililomlisha miaka thelathini. Jirani anachungulia ukutani.

"Hermelinda! Umerukwa na akili?"

"Ndiyo kwanza zinanirudia, shoga. Rudi ndani, vumbi hili ni sumu!"

Katika kijiji hiki cha wafinyanzi, jimboni Michoacán, Mexico, chungu kisichong'aa hakina mnunuzi. Mng'aro unatokana na unga wa risasi, madini yenye sumu, unaopakwa kabla ya kuchoma. Ukipika humo nyanya, au ukilaza humo maharage, sumu inaingia kwenye chakula.

Mwaka jana mjukuu wake Abril, mwenye miaka sita, alilalamikia tumbo kila siku. Herufi alizokwisha kuzijua zikampotea. Damu ilipopimwa, ikakutwa na risasi.

"Nilimlisha mwenyewe, kwa mkono wangu huu," anasema Hermelinda, na machozi yanamtoka. "Eti mfinyanzi hulia gaeni. Heri tungelia gaeni! Sisi tulijipakulia kwenye vile vinavyometameta."

Hakukaa akalia. Alinunua rangi isiyo na risasi, akachoma vyungu vipya, akavipeleka kupimwa. Vikarudi na sumu ileile.

"Nilikwenda kumtukana muuzaji. Maskini, hakuwa na kosa!"

Kosa lilikuwa la tanuri. Mpimaji wa zahanati alimweleza kwamba matofali yamenyonya risasi miaka yote, na kila likiwashwa linaitapika juu ya vyungu. Hakuna kuliosha. Ni kulivunja.

Tatizo ni kwamba lilijengwa na mama mkwe wake, Eufrosina, pamoja na marehemu mumewe. Bibi huyo wa miaka themanini alinuna wiki nzima.

"Nilijua utanivunjia nyumba," alimwambia. "Sikujua utaanzia tanurini."

Leo Eufrosina anatoka na mkongojo, kitambaa puani. Anatazama kidogo.

"Unapiga au unampapasa paka? Lete. Tofali la juu niliweka mimi, nitalitoa mimi."

Analitoa. Kisha analia kwa sauti, na mkwewe anamshika mabega.

Abril yuko kwa shangazi yake mpaka vumbi lisafishwe. Tanuri jipya litasimama upande wa pili wa ua, na wanunuzi wameshaanza kuulizia vyungu vya sikukuu.

"Watasubiri," anasema Hermelinda. "Cha kwanza kitapimwa. Kikitoka safi, hakiuzwi. Abril atakula maharage humo."

"Na mimi?" anauliza Eufrosina.

"Wewe mama utakomba."