Kijiji Kilichokosekana kwenye Orodha

Naona aibu hata kuandika, lakini acha niseme. Fomu ya kusajili wagonjwa kwenye kompyuta za hospitali yetu, huku Mbulu, niliitengeneza mimi kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Juzi daktari wa macho alikuja kwa siku moja tu, na kila mgonjwa alipaswa kusajiliwa kwanza.

Nesi Neema akaniita. Bibi mmoja asiyeona vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho alikuwa ametoka Yaeda Chini, lakini kwenye orodha ya vijiji vya kuchagua, Yaeda Chini haikuonekana.

"Umeangalia vibaya," nikamwambia Neema. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikalaumu mtandao, kisha nikamgeukia bibi mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Hicho kijiji hakipo. Labda kina jina lingine?"

"Marahaba. Kama hakipo, mimi nimezaliwa wapi?"

Watu wakacheka. Nikafungua programu yangu kwa hasira, na hapo nikaona. Nilikosea hesabu, orodha ikawa inaishia kijiji kimoja kabla ya mwisho. Cha mwisho kilikuwa Yaeda Chini.

Nikarekebisha kimya kimya. Neema akamsajili, nami nikamshika bibi mkono kumpeleka kwa daktari, bila kusema neno asije akaitambua sauti yangu. Mbele ya foleni nzima akanipapasa kiganja.

"Ubarikiwe, mjukuu wangu. Wewe una huruma, si kama yule kijana aliyekikataa kijiji chetu. Yuko wapi yule?"

Foleni yote ikanitazama.

"Ni mimi, bibi."