Mfuko wa Ufadhili Ulimpa Mama Pole ya Kifo Changu

Mama yangu alipewa pole ya kifo changu nikiwa nimekaa mbele yake, mdomo umejaa ugali.

Sitanii.

Ilikuwa Jumatatu mchana, nyumbani kwetu Qwaqwa. Simu yake ikalia. Mama hasomi bila miwani, akanisukumia.

"Soma. Labda ni wale watu wako wa chuo."

Nikasoma kwa madaha, kama mtangazaji wa redio: "Mfuko wa ufadhili wa wanafunzi unakupa pole kwa kifo cha binti yako, Dimpho Tsotetsi. Ombi lake limefungwa."

Ugali ukanipalia kwa kicheko. Dimpho ni mimi!

"Mama, nimekufa! Mtanichinjia ng'ombe au mtabana matumizi kwa kuku?"

Mama hakucheka.

Aliinuka, akapiga komeo mlangoni mchana kweupe, akashusha pazia. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Leo umelitaja mara ngapi?"

"Nini?"

"Hilo jina."

"Mama, unanitisha."

"Mtu akikuita hilo jina kutoka nje, usiitike. Unanisikia? Usiitike."

Kabla sijafungua mdomo, nikaitwa.

"Dimpho! We Dimpho!"

Sauti ilitoka getini. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Dimpho, toka huko! Mimi nimekubaliwa! Au umeshaolewa hujatuambia?"

Alikuwa Refiloe, rafiki yangu niliyetuma naye maombi ya ufadhili siku moja. Sauti yake naijua kama yangu. Lakini niliiogopa, wallahi. Tulikaa vile vile mpaka akachoka, akaondoka akinisema.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenipa nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa inaisha Ijumaa saa kumi. Mama anafua nguo za watu. Bila ufadhili, mimi na beseni la pili. Kwa wiki sita nilikuwa nafungua ukurasa wa ombi kila asubuhi, nakuta "linashughulikiwa". Kumbe wanashughulikia mazishi.

Mlango ukagongwa tena.

"Moselantja, nifungulie."

Safari hii Mama alifungua haraka. Ni Bibi, anayekaa chumba cha nyuma. Ni yeye peke yake anayeniita Moselantja, kwa lugha yetu maana yake mkia wa mbwa. Utotoni binamu zangu walikuwa wakinibwekea kwa ajili ya jina hilo, nikalichukia hadi mifupani. Kwenye fomu ya ufadhili kulikuwa na kisanduku: "Jina lingine unalojulikana nalo." Niliandika: Hakuna.

Bibi alisomewa ujumbe. Akakaa polepole.

"Sasa," akamwambia Mama, "utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Mama akageukia ukuta.

"Dimpho ni dada yako," Bibi akasema.

"Bibi, mimi ndiye Dimpho."

"Wewe umevalishwa tu jina lake. Dimpho alizaliwa miaka miwili kabla yako, akaishi miezi saba. Halafu ukaja wewe. Mtoto anayefuata kifo hapewi jina zuri, mjukuu wangu. Anapewa jina la kutupa, ili kifo kikipita kisimtamani. Nani atatamani mkia wa mbwa?"

Nilimtazama Mama. Mtaa mzima unamwita Mama Dimpho. Siku zote nilidhani wananitaja mimi.

Shuleni kwa karatasi nilikuwa mkubwa kuliko darasa zima, na bado nilikuwa mfupi kuliko wote. Tulitania sana. Kumbe ile miaka miwili haikuwa yangu. Kutwa ile sikutazama kioo. Niliogopa kumkuta humo mwenye jina hasa.

Jumanne tulikwenda watatu kwenye ofisi ya vitambulisho. Karani alikuwa mzee mmoja mwenye sweta la kufumwa, Januari yote ile na joto lake. Aligonga namba ya cheti changu cha kuzaliwa, akasogeza uso kwenye kompyuta.

"Dimpho Tsotetsi ni marehemu. Vitabu vya zamani vya hospitali vimeingizwa humu mwaka huu. Alifariki mchanga." Akanitazama. "Wewe ni nani?"

Swali dogo tu, jamani. Nikamgeukia Mama anijibie.

"Nani alitumia cheti hiki kumwandikisha shule?"

"Mimi," Mama akasema.

"Mama, kutumia karatasi za marehemu ni kosa," karani akasema. "Watu wanafungwa."

Pale ufadhili ulinitoka kichwani. Nilimwona Mama amefungwa pingu kwenye mikono ile iliyochubuka kwa sabuni, na chanzo ni fomu yangu.

"Baba, mwache Mama yangu," nikasema. "Niliyetuma fomu ni mimi. Chuo sikitaki tena."

"Nyamaza, Moselantja!" Bibi akafoka.

Karani akaacha kuandika.

"Umemwitaje?"

"Jina lake."

Mzee akavua miwani. Ofisi ingekuwa ya mji mwingine, labda wangecheka. Yule hakucheka. Akauliza taratibu, "Alifuata marehemu?"

"Alimfuata."

Akagonga tena kompyuta. M, o, s, e... Kidole kimoja kimoja, kana kwamba roho zetu hazikuwa juu.

"Yumo," akasema.

"Nani?"

"Moselantja Tsotetsi. Amezaliwa, hajafa, hajawahi kuchukua kitambulisho. Aliyemwandikisha ni bibi yake."

Mama aligeuka kumtazama Bibi.

"Mimi nilimwandikisha palepale hospitali," Bibi akasema. "Cheti nikakupa mkononi. Ukakificha, siku ya shule ukaenda na kile kingine. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua."

"Mbona ulifanya hivyo, Mama?" nikauliza.

Alijibu akiangalia sakafu.

"Nilitaka Dimpho aende shule."

Karani alijifanya anatafuta kalamu. Aliitafuta muda mrefu, na ilikuwa mfukoni mwa sweta.

Hakumfunga mtu. Alimwandikisha Mama kiapo, Bibi akatia dole gumba kama shahidi, mimi nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Akatoa barua yenye mhuri: vyeti vya shule vya Dimpho ni kazi ya Moselantja, mtu mmoja, yu hai. Nikaituma kwa mfuko siku ileile pamoja na rufaa.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa nilikaa na simu mapajani kama naatamia yai.

Saa nane na dakika ishirini ikalia.

"Moselantja Tsotetsi, ombi lako limekubaliwa."

Nilipiga yowe, mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Safari hii sikuudhika.

Wiki iliyofuata mhadhiri aliita majina. Alipofika kwangu alisita. Nyuma kuna kijana mmoja akabweka, darasa likaangua kicheko.

"Nipo!" nikajibu. "Na wewe unayebweka, kichwa ni chako. Mimi ni mkia tu."

Hajabweka tena.

Ila kisa hakijaishia hapo. Juzi nilirudi nyumbani bila taarifa, nikamkuta Mama amevaa miwani, peke yake, anasoma simu. Nikachungulia. Ni ule ujumbe wa pole.

"Mama! Bado unao? Futa huo mkosi."

"Sifuti."

"Kwa nini?"

"Kwetu mtoto akifa mchanga, watu hawaji kukaa na wewe. Wanasema utazaa mwingine. Hakuna aliyenipa pole. Hata baba yako." Akagusa kioo cha simu kwa kidole. "Wameliandika jina lake lote. Wamesema binti yako."

Nilikaa chini, nikamwambia, "Pole, Mama."

Ndipo akalia. Kilio cha miaka kumi na tisa, tena bila haraka.

Wewe unayejaza fomu leo, kile kisanduku cha jina lingine usikiruke kwa aibu kama mimi. Kamuulize mama yako kwanza. Na kama unamjua mwanamke aliyezika kichanga, nenda kampe pole leo hii, hata kama ni zamani. Usisubiri kompyuta ikutangulie.